Simu inanifikisha, macho yanagoma: jibu kwa mwalimu mstaafu anayesaka vikopo Mikindani

Swali: "Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 62, naishi Mikindani. Mwaka juzi mwanangu alikuja likizo akanifundisha mchezo wa kusaka vitu kwa GPS, mtu anaficha kikopo mahali, anawatumia wenzake namba za pale kwenye simu, nyie mnaenda kukitafuta. Sasa tupo wazee wanne na wajukuu, kila Jumamosi tunazunguka, mpaka sukari yangu imeshuka vizuri tangu nianze kutembea na kubadilishiwa dawa miezi mitatu iliyopita. Shida ni macho. Juani simu siioni. Nikivaa miwani ya kusomea simu naiona ila chini ni ukungu mtupu, nimeshajikwaa kwenye mawe ya matumbawe mara mbili. Kikopo kikiwa kivulini sikioni mpaka mjukuu aninyooshee kidole, na jioni tukirudi taa za bodaboda zinanipiga sana. Mwaka jana nilikuwa natumia +2.00, sasa hivi nimenunua +3.00 sokoni. Rafiki yangu mmoja anasema niachane na miwani inalemaza macho, mwingine kanipa chupa ya maji ya majani nidondoshee kila jioni, na kijana wa dukani anasema nichukue baifoko. Nifanyeje, au niache tu mchezo?"

Mwalimu, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, maana nakuona kabisa umesimama chini ya mbuyu umeinua simu juu kama mtu anayetafuta mtandao, miwani imeteremka mpaka puani. Mara ya pili nikaacha kucheka, kuna neno umelipitisha haraka haraka kama mtu anayetaja hali ya hewa, nalo kwangu ndo neno kubwa kuliko yote uliyoandika. Nitalifikia. Kwanza nikutoe wasiwasi, mchezo usiache. Karibu kila ulichokieleza kina sababu inayojulikana na kingi kina dawa rahisi, ila kuna kimoja viwili ambavyo siwezi kukutibu kwa maandishi, itabidi uje ukae kwenye kiti nikuangalie.

Kwa wanaosoma ambao mchezo huu hawaujui, duniani unaitwa geokachingi na ulianzia Marekani Mei 2000. Tarehe 2 mwezi huo serikali yao ilizima ule ukungu wa makusudi iliokuwa imeuweka kwenye mawimbi ya GPS ya raia, na kesho yake tu jamaa mmoja wa jimbo la Oregon, Dave Ulmer, akaficha ndoo yenye vitu vidogo vidogo na daftari la kusaini, akawatangazia watu namba za mahali. Ndo hivyo hivyo mpaka leo, ukikipata unasaini, ukichukua kitu unaacha kingine chenye thamani ileile au zaidi. Kufukia sasa hivi hakuruhusiwi, na nyie huko Mikindani msithubutu kuchomoa hata jiwe moja kwenye kuta za zile nyumba za kale, kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Isitoshe mnajua wenyewe kwetu huku wazee wanne wakionekana wanapekua chini ya mbuyu na mashine mkononi, kabla ya adhuhuri mji mzima unasema wamepata rupia za Mjerumani.

Turudi kwenye macho. Ugumu wa mchezo huu kwa mtu wa umri wako ni kwamba simu haikufikishi kwenye kikopo. Mahali pa wazi simu nyingi zinakosea kama mita 5 hivi, chini ya miti au katikati ya kuta za mawe inakosea zaidi, kwa hiyo inakuacha kwenye duara la upana wa mita 10 halafu inakuambia umefika. Hapo ndo kazi ya macho inaanza, nayo si kazi moja. Unatakiwa usome skrini iliyoko sentimita 40 kutoka usoni, uchungulie kwenye tundu la ukuta lililoko kama sentimita 70, uone unapokanyaga mita moja na nusu chini, na uutambue ule mwembe ulioko mita 50 mbele, yote ndani ya dakika moja, huku unatoka juani unaingia kivulini. Kijana wa miaka 15 anafanya hayo bila kujua kama anafanya. Wewe huwezi tena, na mimi ninayekuandikia nimeshaanza kuisogeza menyu mbali nikikaa hotelini.

Sababu ni hii. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi, kitu laini kinachopitisha mwanga. Ukitazama mbali inakuwa bapa, ukitazama karibu msuli unaoizunguka unaiachia inavimba kidogo, picha inakaa sawa. Sasa wewe ni mtu wa pwani, chukulia mnazi. Lenzi ya mtoto ni dafu, nyama yake unaikwangua kwa kijiko. Kwenye miaka 40 na kitu inakuwa koroma, bado inabonyea lakini kwa shida, ndo ule wakati mtu anaanza kusogeza gazeti mbali mpaka mkono unakwisha. Ukifika 60 ni nazi kavu. Msuli upo na kazi yake unaijaribu, ila nazi haikunjwi. Hali hii kitaalamu inaitwa presbiopia, wengi tunaita macho ya uzee, na haimwachi mtu, awe profesa awe mvuvi wa Msimbati ambaye hajawahi kushika kitabu.

Ndo maana yule rafiki yako anayesema miwani inalemaza macho namwelewa lakini amekosea. Anachokiona ni cha kweli, mtu anaanza na +1.00, baada ya miaka miwili mitatu anataka +1.50, halafu +2.00, basi anasema unaona, miwani imemlemaza. Hapana, nazi inaendelea kukauka, uvae usivae. Wangekuwepo mapacha mmoja akavaa na mwingine akakataa, wakifika 60 lenzi zao zitakuwa sawasawa, tofauti ni kwamba mmoja miaka kumi na tano alikuwa anasoma na mwenzake alikuwa anakunja uso.

Sasa hiyo +3.00 yako. Kuna hesabu ndogo ambayo wauzaji wa miwani sokoni hawakuambii, na wewe mwalimu utaipenda. Chukua 1 ugawe kwa namba ya miwani, unapata umbali, kwa mita, ambao miwani hiyo inaona vizuri kwa mtu ambaye mbali anaona sawa na lenzi yake imeshakauka. Yenye +1.00 inaona mita moja. Yenye +1.50 ni kama sentimita 67. Yenye +2.50 ni sentimita 40. Hiyo yako ya +3.00 ni sentimita 33, yaani umbali wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kutoka machoni mwako mpaka kwenye kandambili zako ni mita moja na nusu au zaidi. Kwa hiyo ukitembea na +3.00 usoni, ardhi yote ya Mikindani ni ukungu, na jiwe la tumbawe lina makali kama wembe, sishangai umejikwaa mara mbili, nashangaa ni mbili tu.

Hapa ndo nalirudia lile neno. Sukari.

Umeandika kwamba ina miezi mitatu tangu ishuke, na hiyo +3.00 umeinunua sasa hivi, wakati mwaka jana +2.00 ilikutosha. Kutoka +2.00 mpaka +3.00 ndani ya mwaka, kwa mtu wa miaka 62 ambaye lenzi yake ilishakauka zamani, ni kuruka kukubwa mno, uzee peke yake haurukishi hivyo. Kinachowezekana ni hiki. Sukari ikipanda kwenye damu inapanda pia kwenye lenzi, nayo inavuta maji na kuvimba, jicho linaegemea upande wa kuona karibu, kwa hiyo miwani ndogo inatosha. Sukari ikishushwa, hasa ikishushwa kwa haraka baada ya kubadilishiwa dawa, yale maji yanatoka na jicho linaegemea upande wa pili, ghafla mtu anahitaji namba kubwa kuliko mwanzo na hata mbali panakuwa na ukungu. Wengi wanaogopa, wanasema dawa mpya zimeniharibu macho, wanaziacha. Mwalimu nakuomba, dawa usiache. Hali hii kwa kawaida inatulia yenyewe ndani ya wiki kadhaa, wengine miezi, na ndo maana ukija leo sitakupa miwani ya bei kubwa, nitakuambia tusubiri sukari itulie kwanza ndo tupime namba ya kudumu. Mtu akikupima katikati ya mawimbi hayo anakuuzia miwani ambayo mwezi ujao utamrudishia mjukuu achezee.

Ila hilo la namba ndo dogo. Kubwa ni kwamba kisukari kinaharibu mishipa midogo midogo ya damu kwenye retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha, na kinaharibu kimyakimya, hakiumi, hakiwashi, mtu anaweza kuwa anasoma herufi zote za chini kwenye ubao wangu huku nyuma mishipa inavuja. Kila mwenye kisukari anatakiwa aangaliwe retina angalau mara moja kwa mwaka, hata kama anaona vizuri. Tena sukari iliyokuwa juu muda mrefu ikishuka kwa kasi, retina iliyokuwa tayari na tatizo inaweza kuchafuka kidogo kabla ya kutulia, hiyo si sababu ya kuiacha ipande, ni sababu ya kuja kuangaliwa. Katika barua yako nzima hujasema popote kama umewahi kufanyiwa kipimo hiki. Miwani umeniandikia sentensi kibao, hilo hakuna.

Haya, kivulini. Hili la kutokiona kikopo mpaka mjukuu anyooshe kidole linawaumiza sana wazee, wanaona wamekuwa wajinga, wakati maskini ni suala la mwanga tu. Mboni ya jicho inavyozeeka inakuwa ndogo na haifunguki kama zamani, na lenzi nayo inageuka njano njano kama chai ya rangi iliyopoa. Ukijumlisha yote hayo, retina ya mtu wa miaka 60 inapata kama theluthi moja tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20 mahali palepale. Yaani wewe na mjukuu mmesimama chini ya mkorosho mmoja, yeye yuko saa nne asubuhi, wewe uko magharibi. Halafu ile njano inameza rangi za buluu, kikopo cha buluu au kijani kibichi cha kukolea kwako ni cheusi, na cheusi kwenye tundu jeusi utakiona wapi. Waambie wenzio wazee wakificha waviringishie utepe wa rangi ya chungwa au mweupe, wala si kupunguza ugumu, wajukuu waachieni vile vya kijani.

Kitu kingine ni kwamba jicho la mzee linachelewa kuzoea giza likitoka juani. Wewe unatoka kwenye mchanga mweupe saa saba mchana, unaingia chini ya mikoko, unachungulia sekunde kumi, unasema hamna kitu, unaondoka. Simama kwanza. Piga stori, kunywa maji, hesabu dakika mbili tatu, ndo uanze kutafuta, utashangaa vitu vinavyojitokeza. Na ukiwa kwenye mchanga vaa kofia yenye ukingo mpana na miwani ya jua, ukikaribia kivuli ivue, hapo jicho halina safari ndefu ya kwenda. Miwani ya jua iwe ile inayozuia miale ya UV, si weusi mtupu, weusi usio na kinga unaifungua mboni halafu miale inaingia kwa nafasi. Kuna za polaroidi zinazoua ule mng'ao wa maji, ni nzuri sana ufukweni, ila usishtuke ukiitazama simu ikawa nyeusi kama imezima, igeuze ilale upande itarudi.

Tochi beba hata mchana. Na usiimulike moja kwa moja mbele, ishushe pembeni imulike kwa ubavu, kila kitu kilichotokeza kinatupa kivuli kirefu, kikopo hakijifichi. Nilikuwa na mgonjwa mmoja, fundi saa wa zamani, ndo aliyenionyesha hiyo, mimi nimesoma miaka yote hiyo hamna aliyenifundisha. Ujanja mwingine ni kamera ya simu. Badala ya kuinama na kuingiza kichwa kwenye tundu, ingiza simu, piga picha na mwanga wake, halafu simama wima uikuze kwa vidole viwili uiangalie taratibu. Mkono usiingize kabisa pale ambapo jicho halijafika, tumia fimbo, nge na nyoka nao wanapenda matundu yaleyale mnayoyapenda nyie. Na bahati mbaya swila akikutemea machoni, osha hapohapo kwa maji mengi safi muda mrefu, usisugue, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Simu yenyewe ongeza ukubwa wa maandishi mpaka mwisho, mwanga wa skrini weka juu kabisa, na mlio au mtetemo wa kukujulisha ukikaribia uwashe, hapo nusu ya safari huhitaji kuitazama kabisa. Zile namba ndefu za mahali mwambie mjukuu aziandike kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi kabla hamjatoka nyumbani. Mtaona kama mambo ya kizamani lakini boksi haliishi chaji na halina mng'ao.

Kuhusu miwani ya kununua, nikuambie ninavyofikiri kweli si ninavyouza. Baifoko aliyokushauri kijana wa dukani, ile miwani yenye kioo cha mbali juu na cha kusomea chini, ni nzuri kwa mwalimu aliyeko darasani, anatazama ubao anatazama daftari. Kwa mtu anayetembea kwenye mawe ni mtego, kile kioo cha chini cha kusomea ndo hasa kinachokaa mbele ya macho unapotazama unapokanyaga, kwa hiyo hatua yako yote inapita kwenye ukungu, na imeshaonekana kwamba wazee wanaotembea nje na miwani ya aina hii wanaanguka zaidi. Progresivu, zile zisizo na mstari, zinakupa umbali wote kwa kuteleza taratibu kutoka juu kwenda chini, wengine wanazipenda kufa, ila pembeni zina ukungu, zinahitaji kuzoea, tatizo la kutazama chini liko palepale, na bei yake ukiidondosha baharini hutalala. Mimi kwako ningeanza hivi, sukari ikishatulia. Tupime mbali, kama mbali unaona vizuri bila miwani basi tembea bila miwani, kama huoni tukupe ya mbali peke yake na hiyo ndo ya kutembelea. Shingoni tundika kwa kamba miwani moja ya kawaida, si +3.00, ila yenye namba katikati, kama +1.75 hivi. Ukigawa inakupa sentimita 57, tundu la ukuta utaliona na simu ukinyoosha mkono kidogo na maandishi umeyakuza utaisoma. Umesimama umefika, unaivaa. Unataka kupiga hatua, unaivua. Sheria ni hiyo moja, miguu ikitembea miwani ya karibu isiwe usoni.

Miwani ya sokoni siipigi vita, inasaidia watu wengi sana ambao wasingepata kitu kingine. Shida yake ni kwamba macho yote mawili yanapewa namba moja, wakati wengi wetu la kulia na la kushoto hayafanani, na kama jicho lako halina mviringo sawa haikusaidii. Na shida kubwa kuliko hiyo ni kwamba mtu anajaribu miwani mezani, anaona, analipa, anaondoka, hakuna aliyemwangalia ndani ya jicho. Unaweza kubadilisha miwani miaka kumi na glakoma, yaani presha ya macho, iko ndani inakula.

Chupa ya maji ya majani mwalimu tupa. Simkashifu rafiki yako, amekupa kwa upendo, lakini maji hayo yana vijidudu, na jicho likipata kidonda kwenye kioo cha mbele linaweza kupotea ndani ya siku chache, nimeona, na aliyekuwa nalo alikuwa anaona vizuri wiki moja kabla. Hakuna tone la majani, la asali wala la duka la dawa linalolainisha lenzi iliyokauka au kuyeyusha mtoto wa jicho. Kama ni macho kuwasha na kutoa machozi, kwetu huku kuna sababu nyingi, upepo wa kusi unakausha macho, na kuanzia kwenye mwezi wa sita watu wakipuliza salfa kwenye mikorosho hewa yote inawasha, siku hizo msipite mashambani, nendeni ufukweni. Na mikoa yetu ya kusini imesumbuliwa na vikope kwa miaka mingi, mzee aliyeugua utotoni anaweza kufika uzeeni kope zimegeukia ndani zinakwangua jicho, hiyo inarekebishwa kwa upasuaji mdogo, si kwa kung'oa kope kila wiki na kibanio.

Zile taa za bodaboda sasa. Mzee akiniambia taa za usiku zinampiga, zinatawanyika kama nyota zenye miiba, cha kwanza kunijia ni mtoto wa jicho, lenzi imeanza kuwa na ukungu na mwanga badala ya kupita unatawanyika. Kwa mwenye kisukari anakuja mapema zaidi kuliko kwa wengine. Kuna wazee wengine kabla mtoto wa jicho hajakomaa wanaanza kusoma bila miwani, wanafurahi, wanatangaza wamerudi ujana, kumbe lenzi inabadilika. Mtoto wa jicho anatibiwa kwa upasuaji tu, lenzi yenye ukungu inatolewa inawekwa ya plastiki, kazi yenyewe mara nyingi ni chini ya saa moja na mgonjwa hasinzishwi, ila baada ya hapo bado utahitaji miwani ya kusomea, na wiki kadhaa utakaa mbali na vumbi na kuinama. Akiwa mdogo hakuna haraka, unaweza kuishi naye miaka kwa mwanga mzuri na kofia. Uamuzi unategemea unashindwa kufanya nini, si umri wako.

Na ile glakoma. Hii inapunguza kuona kwa pembeni kwanza, kwa hiyo mtu anajigonga, anakanyaga vibaya, anadhani ni uzee au ni miwani. Utafiti uliofanyika Kongwa kule Dodoma, ukachapishwa mwaka 2000, ulikuta kama watu 4 katika kila 100 wenye miaka zaidi ya 40 wanayo. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone ya hospitali au upasuaji. Ndo maana hizo mara mbili ulizojikwaa sitaki kuzitupia +3.00 peke yake mpaka nipime presha ya jicho na upana wa kuona kwako. Kama baba, mama au ndugu yako wa tumbo moja alipofuka polepole, uniambie.

Kuna mambo ya kutosubiri hata Jumatatu. Ukiona vimulimuli kama radi pembeni ya jicho, au vidoa vyeusi vingi vimeanza ghafla kuelea kama mbu, au pazia linashuka upande mmoja, au jicho moja limezima ghafla hata kama haliumi, au jicho limekuwa jekundu linauma na kichwa na kutapika, hiyo ni hospitali leo leo. Kwako ni Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, au ile ya rufaa ya kanda pale Mitengo, waambie dalili zote na useme una kisukari. Nyumbani jizoeshe kuziba jicho moja kwa kiganja ukatazama fremu ya mlango, halafu ubadilishe. Mistari ikipinda au upande ukakosekana utajua mapema, ukitazama kwa yote mawili lile zima linamfichia siri mwenzie.

Basi panga siku uje asubuhi, usije peke yako na usije unaendesha pikipiki, nitakudondoshea dawa ya kufungua mboni ili nione retina na saa kadhaa baadaye utakuwa unaona ukungu na jua litakuchoma, kofia usisahau. Njoo na miwani yote uliyonayo hata iliyovunjika mguu, kadi ya kliniki ya sukari yenye vipimo vya miezi hii mitatu, majina ya dawa, na simu unayochezea. Na kikopo kimoja kama unacho, nitakificha kwenye chumba cha vipimo tuone unakitafuta kwa umbali gani, nikitoka hapo najua namba ya kukuandikia. Mjukuu aje naye, ila akae nje, asikunyooshee kidole.